Aliyenyimwa Maji: Historia ya Watu Wenye Ulemavu na Bahari, Tukianzia Handeni na Korogwe



Leo tunaomba mtuvumilie kidogo, maana makala hii haihusu hina wala singo wala sare za harusi. Inahusu maji. Kila msimu wa harusi mazungumzo ya fungate huwa ni yale yale: ufukwe upi, hoteli ipi, boti ya kwenda Mnemba kuona samaki, na siku hizi hata kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni. Ni mara chache sana mazungumzo hayo humtaja bibi harusi anayetembelea magongo, au bwana harusi asiyesikia. Kana kwamba wao hawaoi wala hawaolewi. Au wakioana, basi fungate yao ni ya kukaa ndani.

Tumeona tuiangalie historia ya jambo hili, na tumeamua kuanzia mahali ambapo wengi hawatapategemea. Ni wilaya mbili za mkoa wa Tanga zisizo na ufukwe wowote: Korogwe na Handeni.

Nchi ya mto na nchi ya kiu

Korogwe imelala kando ya Mto Pangani, ambao wenyeji wa huko huuita Ruvu. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita chini ya milima ya Usambara, yanafika Hale kwenye bwawa la umeme, kisha yanaingia bahari ya Hindi pale Pangani mjini. Korogwe ya zamani ilikuwa kijiji cha kisiwani, katikati ya mto, kwa sababu maji yaliwakinga watu na adui. Maji hayohayo yana mamba. Mtoto wa Korogwe hufundishwa mapema kuuheshimu mto, na heshima hiyo aghalabu maana yake ni kukaa mbali nao.

Handeni, kwa upande wa pili, ni nchi ya Wazigua na ni nchi kavu. Miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa unaojulikana kwa jina la HTM, wa kuvuta maji kutoka mto huohuo upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa bomba hadi Handeni. Hadi leo mradi huo unaimarishwa. Lakini kwa vizazi vingi, maji ya Handeni yalikuja kichwani mwa mwanamke, ndani ya ndoo au dumu.

Hapo ndipo ulemavu unapoingia katika habari ya ndoa. Pale mke anapopimwa kwa ndoo anayojitwisha, msichana ambaye mguu wake umepooza huonekana amepungua kabla hajafungua kinywa. Hakuna anayeuliza tabia yake, elimu yake wala dini yake. Swali ni moja tu: atateka maji nani?

Kwa Mkono

Katika wilaya ya Handeni kuna kijiji kinaitwa Kwa Mkono. Huko kuna hospitali ya Mtakatifu Francis, ambayo historia yake imefungamana na masista wa Kianglikana wa shirika lililoanzishwa mwaka 1911 na Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar. Hapo pia pana hosteli ya watoto wenye ulemavu ambayo kwa miaka mingi watu waliijua kwa jina la Hosteli ya Polio.

Jina hilo linabeba historia nzima. Polio ni kirusi kinachosafiri kwa njia ya kinyesi, mikono michafu na maji yasiyo salama. Kikiingia mwilini, kwa watoto wachache kinashambulia neva za uti wa mgongo, na mtoto aliyelala akiwa mzima huamka mguu hauinuki. Mguu huo haukui kama mwenzake. Unabaki mwembamba, na mtoto anatambaa, au anavalishwa vyuma vya miguu, au anapewa magongo. Kwa mtoto wa kijijini, tofauti kati ya kutambaa na kusimama ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kubaki nyumbani na kwenda shule.

Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu na kwa matone ya chanjo, kisa cha mwisho cha polio ya asili nchini Tanzania kilipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Lakini wale walioupata miaka ya 1970 na 1980 wako nasi. Ni mama zetu, shangazi zetu, majirani zetu. Waliondokewa na ugonjwa, wakabaki na mguu.

Fikiria jambo hili: maji machafu ndiyo yaliyowaletea watoto wengi ulemavu huo, ukosefu wa maji karibu ndio uliofanya ulemavu uwe mzito zaidi, na kisha wakaambiwa wakae mbali na maji kwa usalama wao.

Bahari ilipokuwa inalemaza

Zamani uhusiano wa bahari na ulemavu ulikuwa wa kusikitisha. Kabla bahari haijawa mahali pa starehe, ilikuwa mahali pa kazi, na kazi ya kupiga mbizi ilivunja miili ya watu.

Tuanze na kitu ambacho bibi harusi anakijua: lulu. Lulu imetajwa katika Qur'ani Tukufu, katika Surat Ar-Rahman na kwingineko, na kwa karne nyingi lulu nyingi zilizovaliwa na mabibi harusi wa Arabuni, Bara Hindi na Ulaya zilitoka Ghuba ya Uajemi. Kila kiangazi majahazi yalitoka Bahrain, Kuwait, Qatar na miji ya pwani ya Oman. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akavaa ngozi vidoleni, akafunga jiwe mguuni na kushuka. Alikaa chini dakika moja au zaidi kidogo akikusanya chaza, kisha akatikisa kamba, na mwenzake aliye juu akamvuta. Alifanya hivyo mara nyingi kwa siku, kwa miezi, na chakula kilikuwa kidogo.

Mgandamizo wa maji huongezeka haraka: mita 10 tu chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa nchi kavu. Masikio yalipasuka, macho yaliharibiwa na chumvi, mapafu yalichoka. Wengi walimaliza ujana wao viziwi au vipofu, na wakiwa na deni kwa nahodha, deni ambalo mara nyingine liliwaangukia watoto wao.

Wengi kati ya wapiga mbizi hao walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika Mashariki. Bonde la Pangani lilikuwa mojawapo ya njia za biashara hiyo. Watu kutoka bara walishushwa pwani, wakapelekwa Unguja, na wengine wakavushwa hadi Arabuni. Wazigua wana kumbukumbu yao wenyewe ya bahari. Katika njaa ya miaka ya 1830, wengi walipelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia wakawa watumwa. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza kutoroka hadi bonde la Mto Juba, ambako walijenga vijiji vyao na kutunza Kizigua chao. Vita ya Somalia ilipozuka mwaka 1991, wajukuu wa watu hao walirudi Tanga kama wakimbizi, na makazi yao yakawa Mkuyu na baadaye Chogo, Handeni. Kwa familia za namna hiyo, bahari haikuanza kama picha ya fungate. Ilianza kama kitu kinachochukua watu.

Biashara ya lulu ya Ghuba ilianguka kati ya miaka ya 1920 na 1930. Sababu mojawapo ni lulu za kukuzwa za Japani, ambazo Mikimoto Kōkichi alianza kufanikiwa nazo mwaka 1893. Nyingine ni mdororo wa uchumi wa dunia wa mwaka 1929.

Huko Ugiriki nako, katika kisiwa cha Kalymnos, wapiga mbizi wa sponji walipata vazi zito lenye kofia ya shaba miaka ya 1860. Waliweza kushuka chini zaidi na kukaa zaidi. Walipopanda haraka, hewa iliyoyeyuka katika damu ilitoka kama viputo vya soda iliyofunguliwa. Wengi walikufa, wengi walipooza. Hadi leo kisiwani humo kuna ngoma ambayo kiongozi wake hucheza na bakora huku miguu ikitetemeka, akimwigiza mpiga mbizi aliyepooza. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya namna ya kupanda polepole, kwa vituo. Kila anayepiga mbizi Nungwi au Matemwe leo anafuata kanuni zilizotokana na kazi hiyo, na kwa sehemu anawadaiwa wale waliopooza kabla yake.

Waliozuiwa kwa huruma

Katika historia yetu ya Kiislamu kuna watu wawili ambao tunapenda kila mzazi mwenye mtoto mlemavu awajue.

Wa kwanza ni Amr bin al-Jamuh (r.a.), mzee wa Madina aliyekuwa na kilema cha mguu. Ilipofika siku ya Uhud, wanawe walitaka kumbakiza nyumbani. Hawakumzuia kwa dharau. Walimzuia kwa mapenzi, na sheria pia ilikuwa upande wao, kwani aliyekuwa kilema alikuwa na udhuru. Amr alimwendea Mtume (s.a.w.) akashitaki. Mtume alimweleza kuwa ana udhuru, kisha akawaambia wanawe wasimzuie. Akaenda, na akafa shahidi.

Wa pili ni Umm Haram bint Milhan (r.a.), shangazi yake Anas bin Malik kwa upande wa mama. Mtume (s.a.w.) alilala nyumbani kwake, akaamka akitabasamu, kwa kuwa alioneshwa watu wa umma wake wakisafiri baharini. Umm Haram akamwomba amwombee awe miongoni mwao. Miaka ilipita. Katika ukhalifa wa Uthman (r.a.), alipanda jahazi pamoja na mumewe katika msafara wa Kupro, akiwa mtu mzima. Alifia huko baada ya kuanguka kutoka kwenye mnyama wake, na kaburi lake liko Larnaca mpaka leo.

Mmoja alikuwa na kilema, mwingine alikuwa mwanamke aliyetaka bahari. Kwa wote wawili, jibu halikuwa "kaa nyumbani". Udhuru katika dini yetu ni ruhusa aliyopewa mwenye udhuru. Haukuwekwa ili wengine wamfungie mlango.

Mtungi wa hewa na mtu aliyevunjika

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Mwaka 1936 ofisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, Jacques Cousteau, alipata ajali ya gari iliyomvunja mikono. Ndoto yake ya kuwa rubani ikaishia hapo. Rafiki yake akamshauri aogelee baharini karibu na Toulon ili mikono ipate nguvu, na hapo ndipo alipovaa miwani ya majini akaona kilichomo chini. Mwaka 1943, pamoja na mhandisi Émile Gagnan, alitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, na hakihitaji bomba la kutoka juu. Mchezo mzima wa kupiga mbizi kwa mtungi umetokana na mtu aliyekuwa anatafuta kupona.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walikataliwa vyeti vya kupiga mbizi. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, Jim Gatacre alianzisha huko California chama cha wapiga mbizi wenye ulemavu, Handicapped Scuba Association. Yeye mwenyewe alikuwa na ulemavu uliotokana na ajali. Hakuomba watu wahurumiwe na kupewa cheti cha bure. Aliweka vipimo. Anayeweza kujihudumia na kumsaidia mwenzake akiwa na dharura, huyo ni daraja A, na anapiga mbizi na mwenza mmoja kama mtu yeyote. Anayejiweza lakini hawezi kumwokoa mwenzake ni daraja B, na anakuwa na wenza wawili. Anayehitaji msaada zaidi ni daraja C. Naye ana wenza wawili, na mmoja wao lazima awe amefunzwa uokoaji. Mwaka 1993 chama kingine cha namna hiyo kilianzishwa Ulaya.

Kwa nini maji yanafaa? Kwa sababu ndani ya maji mwili haujibebi. Mguu ambao nchi kavu ni mzigo, majini unaelea. Aliyepooza miguu anasukuma maji kwa mikono iliyovaa glavu zenye utando kama miguu ya bata. Kiziwi ndiye mwenye nafuu kuliko wote, maana chini ya maji kila mtu anaongea kwa ishara, na yeye ndiye fundi wa lugha hiyo. Asiyeona anashikana mkono na mwenza wake na kupokea ishara kwa kuguswa. Mwaka 2012 msanii wa Uingereza, Sue Austin, alionekana akiruka chini ya bahari juu ya kiti mwendo kilichotengenezewa mota na mabawa, na watu wengi kwa mara ya kwanza waliona kiti hicho wakatamani kukipanda.

Pwani yetu

Kwetu Zanzibar, kuogelea kwa wanawake kwa ujumla kuna historia fupi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit. Tulipoteza mamia, wengi wao wanawake na watoto. Tunaishi katikati ya maji, na wengi wetu hatujui kuelea.

Mabadiliko yamekuja polepole. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia mwenye asili ya Lebanon, alibuni vazi la kuogelea lenye sitara linalojulikana kama burkini. Kule Nungwi, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Hoja ya kuwa stara na maji haviendi pamoja imeshajibiwa.

Hoja ya kuwa ulemavu na maji haviendi pamoja bado inangoja. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu mwaka 1985. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unataja wazi haki ya michezo, mapumziko na utalii. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini karatasi haimbebi mtu kutoka mchangani hadi kwenye boti.

Kwa bi harusi anayetaka kujaribu

Kama wewe au mchumba wako ana ulemavu na mnaitamani bahari, haya ndiyo tunayoweza kukushauri.

Daktari kwanza. Pumu, kifafa, matatizo ya moyo na baadhi ya dawa vinaweza kumzuia mtu yeyote, awe na ulemavu au asiwe nao. Mwenye vidonda vya kukalia asubiri vipone.

Uliza maswali kabla ya kulipa. Je, mwalimu amefunzwa kuwahudumia watu wenye ulemavu? Boti inapandwaje? Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na mwenye magongo hawezi kuyafuata kwenye matope na mawe. Panga safari wakati wa maji kujaa.

Kubaliana mapema nani atakayekubeba. Hili ni jambo kubwa kwetu. Mwanamke mlemavu mara nyingi hunyanyuliwa na wanaume asiowajua bila hata kuulizwa. Sema wazi kuwa ni mumeo, kaka yako au mwanamke mwenzako, na omba mwalimu wa kike.

Kama miguu haina hisia, vaa suti ya kuzamia ndefu na viatu. Matumbawe yanakata na chuma cha boti kinachomwa na jua, na wewe hutasikia. Ukitoka majini, kagua ngozi yako.

Usipige mbizi ukiwa mjamzito au ukihisi huenda una mimba. Na kama mmepiga mbizi zaidi ya mara moja, msipande ndege kabla ya saa 18 kupita.

Si lazima mtungi. Kuelea tu kwenye maji ya kiunoni, mkono wa mwenzio chini ya mgongo wako, kunatosha kwa kuanzia. Dada zetu wa Handeni na Korogwe hawana haja ya kuja hadi Unguja. Pangani ni mto wenu wenyewe unapoishia, na mbele yake kuna Maziwe, eneo la hifadhi ya bahari. Kuna matumbawe huko, na wakati wa maji kupwa mchanga mweupe hutokeza.

Na kwa wazazi na mawifi: binti mwenye mguu uliopooza akija kuposwa, ulizeni dini yake na tabia yake, kama tulivyofundishwa. Habari ya ndoo, bomba na mikono ya mume vinaweza kuimaliza. Na siku akisema anataka kuingia baharini, mtafutieni mwalimu mzuri, kisha mwacheni aende.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, awarehemu waliozama, na azijaalie ndoa zetu ziwe na mapenzi na huruma isiyofunga milango. Amin.